Jirani wa chumba, sinki au utumbo wake mwenyewe: bakteria wa mgonjwa aliyepandikizwa uboho ametoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu amepandikizwa uboho, na mimi ndiye niliyemtolea. Siku ya kumi na moja akashikwa na homa kali. Walipopima damu tukaambiwa ana bakteria anayeitwa Klebsiella pneumoniae. Mgonjwa anayelala naye chumba kimoja, na wanayetumia naye bafu moja, alikutwa na bakteria wa jina hilo hilo wiki moja kabla. Nyumbani wamekwishakata shauri kwamba jirani ndiye aliyemwambukiza. Wengine wanamlaumu muuguzi anayewahudumia wote wawili. Ndugu wa yule jirani hatusalimiani nao tena. Je, ni kweli alimwambukiza? Na nyinyi wataalamu mnajuaje bakteria ametoka kwa nani kwenda kwa nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lile unalolisubiri. Inawezekana jirani ndiye chanzo, lakini kwa hayo uliyonieleza hakuna anayeweza kulisema jambo hilo kwa haki, si ndugu zako wala mimi niliyeifanya kazi hii ya kufuatilia maambukizi wodini kwa miaka mingi. Jina lililoandikwa kwenye karatasi ya maabara halitoshi. Na ningelazimishwa kutaja mshukiwa wa kwanza leo hii, kabla ya kipimo kingine chochote, nisingemtaja jirani wala muuguzi. Ningeutaja utumbo wa mdogo wako mwenyewe.

Najua hilo linashtua, kwa hiyo niruhusu nilieleze taratibu.

Kabla ya kupandikizwa, mdogo wako alipewa dawa kali za kuufuta uboho wake wa zamani ili wako upate nafasi. Dawa hizo huua seli zinazozaliana kwa haraka, na utando wa ndani ya mdomo na utumbo umejengwa kwa seli za namna hiyo. Wagonjwa wengi hutoka vidonda mdomoni hadi wakashindwa kumeza mate. Huenda umeyaona hayo kwa macho yako. Huko ndani ya utumbo, pasipoonekana, utando nao huchubuka vivyo hivyo. Wakati huo huo chembe nyeupe za damu huporomoka. Zile ziitwazo neutrofili, ambazo hutangulia kupambana na bakteria, kwa mtu mzima mwenye afya huwa zaidi ya 1,500 katika kila maikrolita ya damu. Kwa aliyepandikizwa hushuka chini ya 500, mara nyingi zikakaribia sifuri, na hukaa huko wiki mbili au zaidi mpaka uboho mpya ushike. Siku ya kumi na moja iko katikati kabisa ya kipindi hicho.

Juu ya hayo kuna dawa za kuua bakteria ambazo lazima apewe. Zinamwokoa, lakini pia zinaua bakteria wapole wa utumboni na kuwaachia uwanja wale sugu. Mwaka 2012 watafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa matokeo ya wagonjwa 94 waliopandikizwa uboho au seli shina, ambao kinyesi chao kilipimwa mara kwa mara. Utumbo ulipotawaliwa na Enterococcus, bakteria mwingine wa utumboni, hatari ya Enterococcus sugu kuingia kwenye damu iliongezeka mara tisa. Ulipotawaliwa na bakteria wa kundi la akina Klebsiella na E. coli, hatari ya wao kuingia kwenye damu iliongezeka mara tano. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, California, walikwenda mbele zaidi. Walimchukua bakteria aliyekutwa kwenye damu ya mgonjwa, wakamlinganisha kwa vinasaba na waliokuwa kwenye kinyesi cha mgonjwa huyo huyo kabla hajaugua. Kwa baadhi yao walimkuta yule yule. Hata bakteria ambao kwa kawaida tunawadhania kuwa wa ngozi au wa majini walikutwa utumboni kwanza.

Sasa wewe, ukiwa mtu makini, utaniuliza: na huko utumboni aliingiaje? Swali hilo ni la haki, na hapo ndipo jirani, bafu, mikono na sinki vinarudi mezani. Kundi hilo la Stanford lililichukua swali lako karibu lilivyo. Walichunguza sampuli 401 za kinyesi kutoka kwa watu wazima 149 waliopandikizwa seli za damu, wote wamelazwa wodi moja katika kipindi cha miaka mitatu, na wengi wao walilala chumba kimoja wawili wawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Walitarajia kuona bakteria wakihama kwa wingi kati ya majirani. Walichopata ni jozi sita tu za wagonjwa waliokuwa na bakteria wanaofanana kabisa au karibu kabisa, baadhi yao wakiwa wamelala chumba kimoja. Hata kwa hao hawakuweza kuapa kwamba mmoja ndiye alimpa mwenzake, kwa sababu wangeweza wote wawili kumpata mahali pamoja pa tatu, au kupitia mtu ambaye hakupimwa. Wagonjwa wengine walikutwa na bakteria wanaofanana waliotokana, kwa dalili zote, na vyakula na vidonge vinavyouzwa vikiwa na bakteria wa kusaidia tumbo. Kwa sababu hiyo nakuomba usimpelekee mgonjwa vitu vya aina hiyo bila kumuuliza daktari wake.

Basi tunajuaje? Damu huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuachwa kwenye joto. Bakteria wakishaongezeka, tone la chupa ile husambazwa kwenye sahani, na kesho yake tunaona madoa. Klebsiella ni rahisi kumtambua: doa lake ni nene, linateleza kama ute, na ukilinyanyua kwa waya wa maabara linavutika uzi. Sahani ya mdogo wako na ya jirani yake zikiwekwa mezani pamoja, hata mimi sitaweza kuzitofautisha. Hatua inayofuata ni kuona dawa zipi zinamuua na zipi hazimuui. Orodha zikifanana tunaanza kushuku. Zikitofautiana sana, shaka hupungua. Hospitali nyingi huishia hapo, na karatasi uliyoonyeshwa ilitoka hapo.

Lakini Klebsiella pneumoniae ni spishi nzima, na ndani yake mna koo nyingi mno, kama zilivyo koo za watu. Watu wengi wenye afya njema wanaishi naye tumboni bila kujua. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa chumba kimoja kuwa na Klebsiella ni jambo linaloweza kutokea kwa bahati tu. Ili kujua kama ni ukoo mmoja tunasoma DNA yake yote, yaani herufi milioni tano hadi sita, moja baada ya nyingine, kisha tunaziweka mbili sambamba na kuhesabu zinapotofautiana. Koo zisizohusiana hutofautiana kwa maelfu ya herufi au zaidi. Bakteria waliohama juzi juzi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine hutofautiana kwa herufi chache tu, pengine wasitofautiane kabisa. Hakuna namba moja inayofaa kwa spishi zote, maana wengine hubadilika kwa kasi kuliko wenzao, na muda uliopita nao huhesabiwa. Lakini kati ya herufi tatu na herufi elfu nane hakuna ubishi.

Usomaji huo peke yake haumalizi kazi. Tunakaa na jedwali kubwa: tarehe zimepangwa juu, wagonjwa pembeni, na kila mstari umepakwa rangi kuonyesha alilala kitanda gani siku gani, aliingia chumba gani cha vipimo, alitumia mashine gani. Mara nyingi hapo ndipo ukweli unapotoka. Wawili wenye ukoo mmoja ambao hawakuwahi kukutana wanakulazimisha utafute kitu cha tatu, na wawili waliolala pamoja mwezi mzima wenye koo mbili tofauti wanakulazimisha ufute shutuma.

Kisa kilichotufundisha mengi katika kazi hii ni cha hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, Maryland. Juni 2011 alihamishiwa hapo mwanamke kutoka hospitali ya New York, mtu aliyekuwa amepandikizwa mapafu, akiwa na Klebsiella sugu kwa karibu dawa zote. Hospitali ilijua tangu siku ya kwanza. Walimtenga, wahudumu wakavaa glavu na magauni, na akaruhusiwa kutoka katikati ya Julai. Waliamini wamefaulu. Wiki tatu baada ya yeye kuondoka, mgonjwa mwingine akakutwa na Klebsiella huyo, mtu ambaye hakuwahi kulala naye chumba kimoja. Kisha wakafuata wengine, karibu mmoja kila wiki, mpaka wakafika 18. Kumi na mmoja walifariki, na vifo sita vilihusishwa moja kwa moja na bakteria huyo.

Evan Snitkin, Julie Segre na wenzao walisoma DNA ya bakteria wa wagonjwa hao wakachapisha matokeo Agosti 2012. Katika herufi milioni sita, walikuta sehemu 41 tu zilizotofautiana kati ya wagonjwa wote. Ulikuwa ukoo mmoja, na ulitoka kwa yule mama wa kwanza. Ila hakuupitisha mara moja. Kwa kuwa walikuwa na sampuli zake kutoka sehemu mbalimbali za mwili, na bakteria wa sehemu moja walitofautiana kidogo na wa sehemu nyingine, waliweza kuona kwamba alikuwa chanzo cha minyororo mitatu tofauti ya maambukizi. Na zile wiki tatu za ukimya? Bakteria alikuwa amekaa kimya tumboni mwa watu wasio na dalili yoyote, huku akihama. Walimkuta pia kwenye mifereji ya masinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imekwisha kusafishwa kwa dawa.

Sasa rudi kwenye chumba cha mdogo wako. Mmejenga hoja yenu juu ya jambo moja: jirani alikutwa naye wiki moja kabla. Lakini siku ya kukutwa ni siku ya kupimwa tu, haituambii aliingiwa lini. Mdogo wako angeweza kuwa naye tumboni tangu kabla ya kulazwa, jirani akamchukua kutoka kwake bafuni, na homa ikampata jirani kwanza kwa sababu chembe zake nyeupe zilishuka mapema zaidi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ushahidi mlio nao unakubaliana na hadithi hiyo sawasawa na unavyokubaliana na yenu. Hata DNA ikionyesha ni ukoo mmoja, mara nyingi haituonyeshi mshale umeelekea wapi.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye familia hazimtaji kamwe, naye ni sinki. Kati ya Desemba 2004 na Machi 2006 hospitali moja ya Toronto, Kanada, ilipata wagonjwa 36 wenye Pseudomonas sugu, bakteria anayependa majimaji, katika chumba cha wagonjwa mahututi na wodi za waliopandikizwa viungo. Bakteria alikuwa akiishi ndani ya mifereji ya masinki ya kunawia mikono. Wachunguzi walimimina rangi inayong'aa kwenye mfereji, wakafungua bomba, kisha wakamulika kwa taa maalumu. Matone yalikuwa yameruka umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye sinki, mpaka sehemu ambako dawa za wagonjwa zilikuwa zikitayarishwa. Maji yalianguka moja kwa moja juu ya tundu la mfereji, na beseni lilikuwa na kina kifupi. Walibadilisha muundo wa masinki, na mlipuko ukakoma. Fikiria mhudumu anayenawa mikono vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na kila akinawa anarusha bakteria. Mabomba ya maji safi nayo yana habari zao. Hospitali ile ile ya Bethesda iligundua kwamba bakteria adimu, Sphingomonas koreensis, alikuwa akiishi ndani ya mabomba ya jengo lake jipya lililofunguliwa 2005, na kati ya 2006 na 2016 alikuwa amewaambukiza wagonjwa 12, mmoja leo, mwingine baada ya miezi mingi. Waliachana sana kwa muda, na bila kusoma DNA za bakteria waliohifadhiwa tangu zamani hakuna ambaye angewaunganisha.

Kuhusu muuguzi. Mikono ya wahudumu ni njia halisi ya maambukizi, na sitaipunguza uzito. Kupaka kitakasa mikono chenye alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa kunaokoa maisha, na una haki ya kumkumbusha yeyote anayemkaribia ndugu yako bila kufanya hivyo. Lakini wodi inapokuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi mno, au chupa ya kitakasa iko mlangoni tu wakati kazi iko kitandani, kumtafuta mkosaji mmoja kunaiacha njia wazi kwa mgonjwa anayefuata. Mimi nikiingia wodi yenye mlipuko naangalia kwanza idadi ya watu wa zamu na mahali chupa zilipowekwa.

Niligusie na jambo moja ambalo hukuliuliza, ila nimelisikia kati ya mistari. Wewe ndiye uliyetoa uboho, na huenda unajiuliza kama bakteria alitoka kwako. Uboho unaotolewa hupimwa kama una bakteria. Wakikutwa, jambo ambalo si la kawaida, mara nyingi huwa ni wa ngozi, na kama wangeleta homa tungeitarajia mapema sana baada ya kuwekewa, si siku ya kumi na moja. Kwa waliopandikizwa figo, ini au mapafu, bakteria kutoka kwa mtoaji ni jambo tunalolichunguza kwa makini zaidi. Kwako wewe, ondoa wazo hilo.

Sasa utaniuliza, tufanyeje? Kumhamisha chumba ni uamuzi wa timu yake. Kama bakteria huyu ni sugu kwa dawa za kundi la kabapenemu, zile kali zinazotumika nyingine zikishindwa, hospitali inapaswa kuwa imekwisha kumtenga. Uliza kama ni hivyo, na uliza kama wagonjwa wengine wa wodi wanapimwa kinyesi au kwa kijiti cha njia ya haja kubwa ili kuwaona wenye bakteria bila dalili. Kama ni sugu, uliza pia kama wamekitambua kinasaba cha usugu, maana vinasaba hivyo hukaa kwenye vipande vidogo vya DNA vinavyoweza kuruka kutoka spishi moja kwenda nyingine. Jirani akikutwa na Klebsiella na mwingine na E. coli, bado huenda ni mlipuko mmoja.

Ukimtembelea, takasa mikono ukiingia na ukitoka, na kama wodi ina ugonjwa wa kuhara unaoletwa na Clostridioides difficile tumia maji na sabuni, kwa sababu mbegu za bakteria huyo hazifi kwa alkoholi. Sinki la kunawia mikono liwe la kunawia mikono tu: usimwage humo mabaki ya vinywaji, chakula wala maji ya kumwogeshea, kwani unawalisha bakteria wa mferejini. Mswaki, kikombe na taulo vikae mbali nalo. Choo kikiwa na kifuniko, kifunikwe kabla ya kuvuta maji, na mrija ulio kifuani mwake usiguswe na mtu asiye mhudumu.

Halafu kuna jambo la haraka. Maabara nyingi hutupa sahani baada ya siku chache. Zikishatupwa, swali lako halitajibika tena, na shutuma zitabaki kuwa shutuma maisha yenu yote. Nenda leo kwa timu ya kudhibiti maambukizi ya hospitali hiyo, usimwendee muuguzi wa zamu, ukaombe mambo mawili: bakteria wa mdogo wako ahifadhiwe kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na wakuambie kama wanachunguza mkusanyiko wa maambukizi wodini. Majibu ya jirani hawataruhusiwa kukupa, ni siri yake, lakini wao wanaweza kuomba hifadhi ya bakteria wake na kuwalinganisha. Kama hawana mashine ya kusoma DNA, sampuli iliyogandishwa inaweza kupelekwa maabara ya rufaa hata baada ya miezi. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walikokuwa wakisoma DNA za bakteria wa wodini kila wiki bila kungoja mlipuko uonekane, walikadiria kwamba katika miaka miwili walizuia maambukizi 62 na vifo vitano. Kwa hiyo unapoomba usidhani unawasumbua. Unaomba kitu ambacho wodi ya waliopandikizwa inastahili kuwa nacho.

Na ndugu wa yule jirani, wasalimieni. Nao wana mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu, na yaelekea wanajiuliza kama alimtoa kwenu. Mkienda pamoja kuomba sampuli zote mbili zihifadhiwe, ombi hilo litakuwa gumu zaidi kukataliwa.